Fwani wangu wamejaa mayai, mbona hawazai?

SWALI: Mzee wa Bwawa, shikamoo. Masika ya mwaka juzi mume wangu alinasa samaki kadhaa wa aina ya fwani mtoni Nyando. Wadogo tukawakaanga, watatu wakubwa tukawatia bwawani pamoja na ngege (perege). Ngege wamezaana mpaka kero, lakini fwani hata kifaranga kimoja sijaona. Juzi mmoja alikufa, nikampasua: mayai tele! Tatizo ni nini? Nilitaka nikipata vifaranga wengi niwarudishe wengine mtoni, maana siku hizi fwani ni wa kutafutwa kwa tochi.
Mama wa mabwawa mawili, Ahero

JIBU: Marahaba, mama. Samahani nikicheka kidogo. Fwani dume hukomaa akiwa mdogo sana kuliko jike. Hao wakubwa watatu huenda wote ni majike, na mabwana harusi ndio mliowakaanga.

Lakini hata dume angekuwepo, bwawa lenu lisingetosha. Ngege akipata tope na joto anazaa. Fwani ni msafiri: mvua ikinyesha, mto ukijaa, anapanda kukabili mkondo hadi penye changarawe na maji ya kasi. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1862 mahali Nile inapotokea Ziwa Viktoria, aliandika habari za maelfu ya samaki wakirukia maporomoko. Naamini ni hawa hawa, ambao Waganda huwaita kisinja na wazungu wakawafuata na fimbo zao za kuvulia. Maporomoko yenyewe yalizama lilipojengwa bwawa la umeme la Owen Falls, 1954. Bila mkondo, jike hubaki na mayai yake mpaka mwili unayanyonya tena.

Kwenye kituo cha kuzalisha samaki nilikofanya kazi tulimsaidia kwa sindano. Unamchinja kambale aliyekomaa, unafungua fuvu, na chini ya ubongo unakuta tezi nyeupe, ndogo kama punje ya mtama. Unaisaga na maji ya chumvi, unamdunga jike mgongoni jioni. Akiiva, mfunge kitambaa chenye maji machoni atulie, mkaushe tumbo, kisha lisukume taratibu kwa kidole gumba kuelekea mkiani. Mayai yanatoka manjano, makubwa, yanazama. Ukilazimika kukamua kwa nguvu, bado, mrudishe majini.

Bakuli liwe kavu kabisa! Mbegu za dume zikiguswa na maji zinaamka, na baada ya muda mfupi sana zimechoka. Siku moja nilipokea bakuli lililotoka kuoshwa, nikalifuta kwa shati langu lililolowa jasho na maji ya matangi. Asubuhi trei nzima ya mayai ilikuwa nyeupe pe, kama wali: yote yamekufa. Majike wanne, kazi ya miezi, na mkuu wangu hakunisemesha hadi Ijumaa. Tangu hapo nafuta bakuli mwenyewe, mara mbili, kisha nachanganya mayai na mbegu kwa unyoya wa kuku ndipo nitie maji.

Kwa mabwawa mawili, mama, sikushauri uanze na sindano. Tafuta vifaranga kwenye kituo kinachomzalisha. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa samaki cha Kajjansi, Uganda, wamefanikiwa naye. Ila ujue hakui haraka kama kambale, na anataka maji yanayopata hewa vizuri. Usimtegemee kwa karo ya muhula ujao.

Kuhusu kurudisha mtoni: usimwage hata mmoja kabla ya kuongea na afisa wa uvuvi. Vifaranga wa jike mmoja wote ni ndugu, na waliotoka mto mwingine wana damu nyingine. Ukiwachanganya na wa Nyando unaweza kuharibu ile mbegu unayotaka kuiokoa. Na hao wawili waliobaki bwawani, mwambie baba watoto awarudishe kule kule alikowatoa kama afisa ataridhia, tena kabla ya mvua. Nyavu zake azitoe mdomoni mwa mto masika yote. Najua hilo la mwisho ndilo gumu kumwambia.