Mzee ninayemlea alimpa nani kura

Shangazi, shikamoo. Sauti yako nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi, nikacheka hadi abiria wa mbele akageuka. Umeuliza kwa niaba ya baraza zima la Ngamiani, Tanga. Huyu mzee ninayemlea hapa Philadelphia ni Myahudi kweli? Ni "wale wengine" kweli? Na kama ni yote mawili, kura yake ya urais ya Novemba 2024 alimpa nani, maana Trump si ndiye aliyeuhamishia ubalozi wa Marekani Yerusalemu? Mwishoni ukashusha sauti: na mimi je, ananishurutisha nimfuate?

Hanishurutishi. Hilo nimelitanguliza ili upate usingizi.

Myahudi ni kweli, na shoga ni kweli. Neno hilo la pili limetuletea visa humu ndani. Siku moja nilikuwa napiga soga kwa simu na mwenzangu wa Chumbageni, kila baada ya maneno mawili "shoga yangu, shoga yangu", kumbe mzee alishaliokota neno hilo kwenye intaneti. Akaniuliza kwa ukali kidogo, unamsema nani? Ikabidi nimweleze kwamba Tanga wanawake marafiki huitana hivyo kwa mapenzi, na kwamba neno hilohilo ndilo wanalorushiwa watu kama yeye kama jiwe. Akafikiri, akasema basi mimi na yeye ni mashoga, kila mtu na lake.

Nilipoanza kazi kwake mwaka 2019 sikuambiwa. Niliona ukutani picha ya wanaume wawili waliovaa suti, nikadhani ni mtu na kaka yake. Nilipojua, wiki nzima nilimwogesha huku nimekunja uso, nikijisemea mbeba boksi hachagui miguu ya kuvalisha soksi. Sikudanganyi kwamba yalinitoka siku moja, na yapo ambayo mpaka leo dini yangu na maisha yake haviafikiani. Lakini jikoni tulielewana tangu asubuhi ya kwanza: nguruwe haingii. Yeye hali kwa heshima ya marehemu mama yake. Mimi unajua.

Sasa kura. Baraza linahesabu kama tulivyozoea huko, kwamba mtu akiwa wa watu fulani, kura yake tayari iko kwa fulani. Kwa Wayahudi wa huku hesabu hiyo inaharibika mapema. Ni kama wawili tu katika kila Wamarekani mia, na tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt, miaka ya 1930, wengi wao ni wa chama cha Democratic, wapinzani wa Trump. Uchaguzi mmoja hadi mwingine hucheza kwenye saba katika kumi. Ubalozi ulihamia Yerusalemu mwezi Mei 2018, na hao saba hawakugeuka. Wapo waliogeuka, ndiyo. Mmoja ni mpwa wake mzee anayekaa nje ya mji, na chakula chao cha Pasaka cha mwaka jana niliwapikia kuku huku wakifokeana kuhusu ubalozi huohuo.

Na ukisema basi atampenda kila mgombea wa aina yake, umekosea tena. Mwaka 2020 Pete Buttigieg aligombea urais, mwanamume mwenye mume, msomi, mwanajeshi wa zamani. Rafiki zake mzee walilia kwa furaha. Yeye akasema hapigii kura chumba cha mtu. Moyo wake ulikuwa kwa mgombea mwingine, Bernie Sanders, Myahudi wa Brooklyn kama wazazi wa mzee, lakini si kwa Uyahudi wake. Ni kwa sababu ya bima ya afya kwa kila mtu, na mishahara ya watu kama mimi. Unajua kima cha chini hapa Pennsylvania ni dola 7 na senti 25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009? Mayai yamepanda mara ngapi tangu hapo? Mzee huwa anawauliza vijana wa kampeni wanaogonga mlango: anayeniinua kitandani analipwa kiasi gani, na mgombea wako ana mpango gani naye? Wengi hukodoa macho. Kamala Harris, mgombea wa Democratic wa 2024, alipotangaza Oktoba kwamba bima ya wazee ya serikali ilipie pia malezi ya nyumbani, mzee aliniita sebuleni nikiwa na povu mikononi. Tazama, anakusema wewe.

Walikuwa wanagonga mlango kila siku kwa sababu ya jimbo lenyewe. Rais huku hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kuna wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 3, na akashindwa. Pennsylvania ina wajumbe 19, na hairidhiki na chama kimoja: mwaka huo wa 2016 Trump aliichukua kwa tofauti ya kura kama 44,000, yaani watu ambao hata Uwanja wa Mkapa hawaujazi. Biden akaichukua 2020 kwa kama 80,000. Kwa hiyo kuanzia Agosti televisheni haikuwa na biashara nyingine. Tangazo moja la Trump lilimcheka Harris kwa kuwatetea watu waliobadili jinsia, likamalizia kwamba Harris ni wa "wao" na Trump ni wako. Lilikuwa linapita katikati ya kila mechi. Mara ya kwanza mzee alizima. Mara ya kumi alikaa akalitazama mpaka mwisho, akasema miaka yote nilikuwa mimi ndiye "wao", sasa wamepata wengine.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee hapigi kura kama mtu anayetafuta wa kumpenda. Hata hao Democratic hajawahi kuwaamini moja kwa moja. Mwaka 1996 ni Bill Clinton, mtu wa chama chake, aliyetia saini sheria ya kusema serikali kuu haitambui ndoa ya watu wa jinsia moja. Wiki chache baadaye mzee alimpigia Clinton huyohuyo kura, na anasema mkono ulikuwa mzito kama amebeba tofali. Yule wa kwenye picha alikuwa ameshafariki miaka mitano kabla. Siku zake za mwisho hospitali moja ilimzuia mzee mlangoni kwa sababu kwenye karatasi hakuwa ndugu. Walikaa pamoja miaka 17.

Sheria hiyo iliangushwa mahakamani tarehe 26 Juni 2013, na aliyeiangusha ni bibi mmoja Myahudi mzaliwa wa hapa Philadelphia, Edie Windsor. Mwenzake alipofariki mwaka 2009, serikali ilimdai kodi ya mirathi dola 363,053, kodi ambayo mjane wa mume halipi. Akashtaki mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani akashinda kwa kura tano kwa nne. Miaka miwili baadaye, tarehe hiyohiyo, ndoa zao zikahalalishwa majimbo yote. Kisha mwaka 2022, mahakama ilipofuta haki ya kutoa mimba, jaji mmojawapo, Clarence Thomas, akaandika kwamba na uamuzi huo wa ndoa unafaa kuangaliwa upya. Mzee amelikata andiko hilo gazetini, limo ndani ya droo ya dawa. Ndiyo maana karatasi ya kura akiipata anaanzia kwa majaji.

Hiyo karatasi nikusimulie, maana ungekuwepo ungecheka. Yeye hupigia kura nyumbani, inaruhusiwa hapa kwa yeyote tangu sheria ya 2019. Bahasha zinakuja mbili. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya siri, hiyo inaingia kwenye ya nje, na ya nje unatia saini na tarehe. Ukisahau ile ya ndani, kura yako wameitupa. Wino wa kidoleni hakuna, na tume moja ya taifa ya kuendesha zoezi hakuna, kila kaunti inajiendeshea yake. Mzee alikaa meza ya jikoni saa nzima na kioo chake cha kukuzia maandishi, mkono unatetemeka. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi isiteleze, uso nimeugeuzia dirishani. Alijaza mpaka nafasi ya mkaguzi wa hesabu wa jimbo. Kisha akataka aipeleke mwenyewe. Nikamsukuma na kiti chake mitaa minne hadi kwenye sanduku, baridi, pua zinatuchuruzika sote.

Nilimuuliza kwa nini asiniachie. Akanionyesha kidole upande wa katikati ya mji, kule kwenye jumba lao walikotia saini tangazo la uhuru. Tarehe 4 Julai 1965 watu wachache walisimama mbele yake na mabango, wanaume na tai, wanawake na magauni, wakidai watu wa jinsi yao wasifukuzwe kazi serikalini. Mmoja wa viongozi alikuwa Frank Kameny, Myahudi aliyefukuzwa mwaka 1957. Walirudi kila mwaka hadi 1969. Mzee alikuwa na miaka 19, alisimama ng'ambo ya barabara akijifanya anasubiri basi. Hakuvuka. Alianza kupiga kura mwaka 1968 na hajakosa hata moja, hata za diwani.

Sasa la Gaza, maana najua ndilo lililokuwa nyuma ya swali lenu. Msikitini kwetu watu walikuwa na hasira na Biden kwa silaha alizokuwa anapeleka Israeli, na wako walioiacha nafasi ya rais wazi. Nilidhani nyumbani nitakuta ukuta. Aprili, kwenye kura za maoni za chama, mzee alikataa kumpa Biden. Aliandika kwa mkono kwamba hajajifunga na yeyote, msimamo uleule ambao watu zaidi ya 100,000 waliuchagua kwenye karatasi za kura za Michigan mwezi Februari. Kisha akaenda na mjukuu wa dada yake kwenye maandamano, akarudi mapema, kakasirika, kwa sababu ya bango lililowasema Wayahudi wote kwa jina baya. Hajarudi tena, na msimamo wake kuhusu silaha hakuubadilisha. Yule binti alikataa kumpigia Harris. Mpwa akampigia Trump. Mzee akampigia Harris, na wote wawili wakamwona msaliti, kila mmoja kwa sababu yake. Kwa hiyo, shangazi, jibu la baraza ni hilo: Harris.

Ukiniuliza mimi, nadhani kilichoamua ni mlango. Babu yake aliingia Marekani kutoka Lithuania mwaka 1912. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ikaufunga mlango huo, na ndugu waliobaki kule unajua kilichowakuta vita vilipofika. Mzee humpima kila mgombea kwa hilo. Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia kwenye sinagogi Pittsburgh, jimbo letu hilihili, akaua watu 11, na hasira yake ilikuwa kwa HIAS, shirika la Kiyahudi linalopokea wakimbizi. Kina mama wa Kikongo unaowasikia nikiongea nao Kiswahili, waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, baadhi yao walipokelewa uwanja wa ndege na watu wa mashirika ya namna hiyo. Na Januari 2020, Trump alipoitia Tanzania kwenye orodha ya wasioruhusiwa bahati nasibu ya viza, aliyeniambia ni mzee. Nilikuwa sijasikia. Mwanao alikuwa ameshajaza fomu, unakumbuka. Mzee alikasirika kuliko mimi, mimi nilizoea.

Uraia nilipata 2023, na pasi yetu nikaiaga, kwani kwetu mbili haziruhusiwi. Nililia chooni, hilo sijawahi kukuambia. Kwa hiyo Novemba ilikuwa kura yangu ya kwanza nchi hii, kwenye ukumbi wa shule, nikapewa kibandiko cha kubandika kifuani. Nilipoingia kazini mzee alikiona, akaniuliza nimempa nani. Nikamwambia kwetu kura ni siri. Alinuna mpaka chai. Na wewe usiniulize.

Trump aliichukua Pennsylvania kwa kura kama 120,000, na safari hii alishinda hata kwa kura za nchi nzima. Asubuhi ya tarehe 6 niliingia nikitarajia kumkuta amejifunika shuka. Nilimkuta ameamka, redio imezimwa, kioo chake mkononi. Akaniambia mwakani Novemba kuna majaji watatu wa mahakama ya juu ya jimbo, wananchi wataulizwa waendelee au waondoke, nilete kalamu niandike kwenye kalenda ya friji. Kalenda ya 2025 tulikuwa hatujanunua. Akataka nikanunue kabla sijamkaangia yai.