Kadi ya duka la bidhaa za mikono: anza na upande wa nyuma

Mleta mada, umesema una duka dogo la hereni na mikoba unayoshona mwenyewe, mchapaji amekuonyesha kadi zinazong'aa pande zote mbili, na unauliza kama uchukue hizo na uandike nini. Mimi nashona pochi za ngozi na kadi nimegawa miaka mingi. Ushauri wangu: usichukue zinazong'aa, na upande wa nyuma uuache mtupu.

Mteja wa bidhaa za mikono karibu kila mara ana jambo lake peke yake. Huyu anataka rangi ambayo haipo mezani, yule anauliza mkoba unafuliwaje, mwingine anataka hereni zilezile ila zisizo na nikeli kwa sababu inamwasha masikio. Hayo huwezi kuyachapa mapema, unayaandika palepale akiwa amesimama mbele yako. Mtu akiniagizia pochi, nageuza kadi na kuandika: "Kahawia iliyokoza, uzi mweupe, nafasi sita, Ijumaa." Anaondoka na kumbukumbu ya oda yake na namba yangu kwa pamoja. Kadi ya namna hiyo watu huitunza. Na akirudi siku nyingine kutaka pochi kama ile, anakuja nayo mkononi, sina haja ya kukisia ilikuwa ngozi ipi.

Ndiyo maana karatasi ni uamuzi mkubwa kuliko rangi. Kadi inayong'aa kwa kawaida imefunikwa nailoni nyembamba au vanishi, na wino wa kalamu ya kawaida hauna pa kuingia. Kalamu inateleza, muhuri unachafuka ukiugusa. Angalia vizuri hapa: kuna kadi isiyong'aa ambayo nayo imefunikwa nailoni, ila ya mati. Ukiishika ni laini, haina mng'ao, unadhani ni karatasi tupu. Sema wazi kwa mchapaji kwamba unataka karatasi isiyofunikwa kitu, angalau upande wa nyuma, ya gramu 300 hadi 350. Hizo gramu ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo. Ikishuka chini ya 250 inakunjika upesi. Omba sampuli, andika kwa kalamu unayotumia dukani, subiri kidogo, kisha pitisha kidole gumba juu ya maandishi. Yakifutika, mwombe nyingine.

Karatasi ya kaki inapendwa sana na sisi tunaotengeneza vitu kwa mkono, na mimi naipenda, lakini ujue tabia yake. Wino wa uchapaji wa kawaida unapitisha rangi ya karatasi iliyo chini yake. Njano inapotea, waridi inakuwa kama udongo, na nyeupe haipatikani kabisa bila wino maalumu. Juu ya kaki chapa nyeusi tu, inapendeza na inasomeka.

Upande wa mbele, kitu cha kwanza baada ya jina la duka kiwe unachotengeneza, kwa maneno ya kawaida. "Hereni na mikoba, inashonwa kwa mkono." Maneno kama "ubunifu wa kipekee" hayamsaidii mtu anayeikuta kadi yako kwenye droo akiwa ameshasahau mlikutana wapi. Kisha namba moja ya simu, ile unayoipokea kweli, iliyogawanywa kwa nafasi ili isomeke kwa urahisi, na ukurasa mmoja ambako picha zako zipo. Alama ya Instagram bila jina la akaunti pembeni yake haimfikishi mtu popote.

Herufi za namba ya simu zisiwe chini ya pointi 8. Karatasi isiyofunikwa hunywa wino na wino husambaa kidogo, kwa hiyo herufi nyembamba nyeupe juu ya rangi nzito huzibika. Picha ya bidhaa siishauri. Kwenye karatasi hii picha hufifia, na bidhaa uliyopiga picha itakuwa imeshauzwa. Mchoro wa mistari wa hereni moja unatosha, na hauchakai kwa msimu.

Kuhusu ukubwa naongea kama mshonaji wa pochi. Nafasi za kadi tunazipima kwa kadi ya benki, ambayo ni milimita 85.6 kwa 54. Kadi ya biashara ya milimita 85 kwa 55 inaingia. Ya mraba kubwa au ya duara haiingii, inaishia chini ya mkoba na kuchakaa. Marekani wanatumia inchi 3.5 kwa 2, nayo kwa kawaida inakubali.

Faili lipeleke likiwa PDF. Rangi ya nyuma ya maandishi ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande, maandishi yakae ndani angalau milimita 4, na usizungushe fremu pembeni, kwa sababu kisu cha mchapaji kikisogea kidogo tu fremu inaonekana imepinda. Picha, kama lazima iwepo, iwe na nukta 300 kwa inchi. Zile rangi kali za skrini, hasa kijani na chungwa, zitafifia kwenye karatasi, kwa hiyo chagua ukiwa na sampuli mkononi.

Msimbo wa QR ukiuweka, usiwe chini ya sentimita 2, uwe mweusi juu ya rangi nyepesi, na uachiwe nafasi tupu pande zote. Kisha uskani mwenyewe na usome anwani inayotokea. Kama ni ya tovuti iliyokutengenezea msimbo na si ya ukurasa wako, siku tovuti hiyo ikifunga huduma, kadi zako zote zitakuwa na msimbo uliokufa.

Kwa hereni zako kuna jambo zaidi. Kadi hiyohiyo inaweza kuzibeba: matundu mawili madogo sehemu ya juu, hereni zinaning'inia. Ila pima hereni yako ndefu kuliko zote kwanza, kisha panga maandishi yaanzie chini yake, la sivyo zitafunika jina la duka. Chapa moja kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa halisi, ikate, zitundike, uone. Ukiweka picha yake hapa, mbele na nyuma, nitakuangalizia herufi kabla hujalipa.