Re: Kura 20 kwenye msimbo mdogo wa QR, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama kura za mpiga kura mmoja katika vinyang'anyiro 20, kila kimoja na wagombea 5, zinaweza kukaa kwenye msimbo wa QR wa kawaida ulio mdogo kabisa, ule unaochapwa kwenye karatasi ya kura ili mashine iusome. Zinakaa, ila usimpe kila mgombea biti yake (yaani 0 au 1 yake); hapo unafika biti 100 bure.

Kila kinyang'anyiro kina majibu 6: wagombea 5, au mpiga kura ameacha wazi (hili la sita watu hulisahau!). Ukitumia biti 3 kwa kila kimoja unapata 60. Bora uzichukue zote kama namba moja ya kizio cha 6: anza na sifuri, zidisha kwa 6, jumlisha namba ya chaguo (0 hadi 5), endelea hivyo hadi la 20. Jumla biti 52, yaani baiti 7 (baiti moja ni biti 8). Hiyo QR ndogo kabisa, ya miraba 21 kwa 21, kwenye kiwango H (kinga ya juu kabisa dhidi ya uharibifu), inabeba baiti 7 kamili, na inasomeka hata karibu 30% ikichafuka. Zile biti 60 ni baiti 8, zingekuacha nje.

Sasa shida: sahihi ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba kura haijachezewa, kwa mfano ya aina ya Ed25519, peke yake ni baiti 64. Ukiiweka, kubana kura hakukuokoi tena.

Halafu mpiga kura hasomi miraba, hawezi kuhakiki kilichoandikwa humo. Huko Marekani, jimbo la Colorado walitangaza kuachana na QR kwenye kuhesabu kura mwaka 2019, jimbo la Georgia wakatunga sheria ya kuziacha 2024. Mimi ningechapa majina, mashine isome hayo hayo.