Mteja karudisha sandali za miezi mitatu: soma soli kwanza, pesa baadaye

Dada wa Jinja anauliza: mteja amerudisha sandali za ngozi za miezi mitatu, soli imebanduka mguu mmoja, na anadai pesa zote. Alipe au akatae?

Kabla ya kujibu lolote, ibandue hiyo soli mpaka mwisho uisome. Gundi yote ikiwa imebaki kwenye mpira na ngozi iko safi, kosa ni lako: ngozi haikupigwa msasa, au ilipakwa ikiwa na vumbi ama mafuta. Gundi ikiwa pande zote mbili na inang'aa bila kushikana, basi uliichelewesha ikakauka kupita kiasi, au ulipaka siku ya mvua. Gundi ya viatu ikikauka huupoza uso wake, na unyevu wa hewa hutua juu kama utando usioonekana. Miezi ya mvua hapa kwetu, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ndiyo inayozaa marejesho mengi. Hilo nalo ni lako.

Gundi ikiwa imevutika nyuzinyuzi kama chingamu, hapo ni joto. Sandali zilianikwa kando ya sigiri au zililala ndani ya gari juani. Hilo ni la mteja, ingawa ukimwambia kwa ukali umempoteza. Na kama gundi imeng'ang'ania ila ngozi ndiyo iliyochanika, ulikata mkanda kwenye ngozi ya tumbo, ambayo hulegea na kuvutika. Mikanda ikatwe mgongoni, tumbo libaki kwa bitana.

Kinga yake si siri. Msasa namba 60 au 80 pande zote mbili mpaka ngozi itoe manyoya, kisha piga brashi. Paka mara ya kwanza, ngozi inywe, subiri dakika kama 20. Paka mara ya pili, subiri 10 hadi 15, gusa kwa mgongo wa kidole: isipokushika, unganisha. Gonga nyundo kutoka katikati kwenda ukingoni, na usiiuze kabla ya saa 24. Halafu shona ukingo! Gundi peke yake haiwezi matope ya Uganda. Uzi wa nailoni uliotiwa nta, sindano mbili zikipishana kwenye tundu moja, mishono ya milimita 4. Ukiibananisha zaidi ya hapo ngozi inakuwa kama stempu, inachanika kwenye mstari. Ncha ya mkanda iingie chini ya soli ya ndani si chini ya sentimita 2.5.

(Lugabire, yaani sandali za tairi, ni habari nyingine. Mpira wa tairi haupendi gundi, kwa hiyo ni misumari iliyokunjwa ncha, na epuka tairi lenye nyaya za chuma, maana zikitokeza zinachoma mguu.)

Sasa dhamana yenyewe. Usiandike "mwaka mmoja" kwa kiatu kizima, maana viungo havifi pamoja. Ningeandika hivi: mishono miezi 12, soli kubanduka miezi 6, na kama unashona mikoba pia, zipu na pete zake miezi 3. Soli kulika kwa kutembea, joto na kulowekwa, hapana. Rangi usiiahidi, ipime: sugua kitambaa cheupe chenye maji mara 20, kikichafuka mwambie mnunuzi kabla hajalipa. Pete za mkoba nunua za chuma zilizochomelewa, kwa kuwa za waya uliokunjwa tu hufunguka mzigo ukizidi.

Wengi hujificha nyuma ya ule mstari wa risiti, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayomtaka muuzaji atoe kitu chenye ubora unaofaa hata kama karatasi haikutaja dhamana. Afadhali uandike mwenyewe masharti yanayoeleweka.

Kila jozi igonge namba ndani, kwa mfano 0417: mwezi wa nne, jozi ya kumi na saba. Kwenye daftari andika ngozi ya lini na kopo lipi la gundi. Jozi mbili za kopo moja zikirudi, wapigie wengine kabla hawajakupigia.

Gharama iingie kwenye bei. Tuseme jozi 50, zinarudi 4, kila tengenezo shilingi 6,000: ni 24,000, yaani 480 kwa jozi. Weka 1,000, kwa sababu kuna nauli ya kifurushi cha basi kutoka Gulu au Mbarara. Kosa likiwa lako, nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Wauzaji wengi husahau hili, ugomvi ukaanzia hapo.

Kwa hiyo, dada: ukikuta kosa ni lako, tengeneza miguu yote miwili, si ule uliobanduka tu, kwa kuwa ni gundi ya siku moja. Mpe siku ya kuchukua, isizidi wiki. Pesa rudisha ngozi ikiwa imechanika, au soli ikibanduka tena baada ya tengenezo. Na gundi ya zamani iondoe yote kwa msasa. Ukipaka mpya juu yake, utamwona tena mwezi ujao.