Mama Baraza ajibu: "Nimechaguliwa mjumbe, sasa nifanyeje?"

Mwezi huu barua za waume wasiorudi nyumbani na mawifi wenye vijicho zitangoja kidogo. Siasa imeingia mpaka jikoni, na nimechagua barua tatu zinazofanana kama vidole vya mkono mmoja.

*Mama Baraza, shikamoo. Mimi nauza viazi vya karai na bajia hapa Junda, Kisauni, Mombasa. Chama chetu kilifanya mkutano wa wadi, kina mama wenzangu wakanisukuma mbele mpaka nikachaguliwa mjumbe wa mkutano wa kaunti. Tuko kumi na wawili kutoka wadi yetu na neno letu ni moja: maji. Mifereji hukaa kavu wiki nzima, twanunua kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Twataka chama kiliingize jambo hilo katika maazimio yake. Juzi akaja kijana wa mheshimiwa mmoja anayetaka kiti, akatuletea leso na bahasha. Akasema siku hiyo tutapewa karatasi yenye safu ya majina, tupigie hiyo hiyo, na maji "yatashughulikiwa baadaye". Nikipokea nimewauza wenzangu, nisipopokea wataniona najitia. Na hata nikifika, mtu kama mimi atasema nini mbele ya wazito wale?*
*Mama Viazi, Junda*

Marahaba, mwanangu. Nianze na bahasha kwa kuwa jibu lake ni fupi: irudishe, na uirudishe mbele ya watu wawili wanaokujua. Ibara ya 91 ya Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inakataza chama cha siasa kujihusisha na hongo. Kijana akikwambia mkono mtupu haulambwi, mwambie hujamwomba alambe. Leso nazo rudisha, ingawa hapo nasema kwa moyo mzito, maana nina sanduku zima la leso za kampeni na zimenisitiri kuliko walivyonisitiri waliozitoa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Wewe waogopa kipaza sauti. Mimi ningekuwa wewe ningeogopa mlango.

Miaka mingi nyuma nilikuwa katibu wa kina mama katika wadi yetu. Chama sikitaji. Tulichaguliwa kama nyinyi, tukajiandaa wiki tatu. Nilishona dera jipya, hotuba nikaikariri nikisonga ugali hadi wanangu wakaijua kuliko mimi. Siku yenyewe saa mbili asubuhi tuko ukumbini. Mlangoni kijana ameketi na orodha iliyopigwa chapa, akapitisha kidole juu mpaka chini. Jina langu halimo. Mahali pangu pana jina la mtu ambaye wadi nzima haimjui, na mwenyewe tayari yuko ndani na kitambulisho shingoni. Nilishinda nje kwa muuza madafu, nasikia makofi kupitia madirishani. Adhuhuri wakatoka, wakaniambia maazimio yamepita yote, "kwa kauli moja".

Nililia, ndiyo. Lakini kilichoniuma zaidi baadaye ni kwamba sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Muhtasari wa mkutano wa wadi alikuwa nao mwenyekiti, na simu ya mwenyekiti siku hiyo ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo kabla ya hotuba, tafuta muhtasari wa mkutano uliowachagua. Uwe na tarehe, mahali, majina ya waliohudhuria na sahihi zao. Upige picha kwa simu, na kila mmoja wenu kumi na wawili abaki na nakala. Kisha nendeni ofisi ya chama ya kaunti, mkiwa watatu au wanne, mchana kweupe, mkaulize mambo mawili: orodha ya wajumbe wa Kisauni na katiba ya chama. Msiende kama waombaji. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakitaka chama kiweke katika makao yake makuu na katika ofisi zake za kaunti daftari la wanachama na nakala ya katiba yake. Mkijibiwa "njooni kesho", andikeni tarehe na jina la aliyewajibu.

Ingieni pia kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mkahakikishe kila mmoja wenu ameandikwa katika chama hicho na si kingine. Usicheke. Mwaka 2021 Wakenya chungu nzima walipochungulia humo walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kunywa chai yao. Na sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili. Anayetaka kukutoa ukumbini hahitaji kukushinda kwa hoja, atasema tu wewe si wetu.

Katiba ya chama mkishaipata, msiisome yote, mtalala. Tafuteni akidi, yaani idadi ya chini ya kuufanya mkutano uwe halali, ni watu wangapi, hoja hupelekwa kwa nani na siku ngapi kabla ya mkutano, na ni nani anayepitisha orodha ya wajumbe. Hoja nyingi za mashinani hufa hapo: mtu anasimama ukumbini na machozi, mwenyekiti anamjibu kwa upole kwamba ajenda ilishafungwa tangu Alhamisi.

Halafu hoja yenyewe. "Twataka maji" ni kilio, bado si hoja. Maji ya Mombasa hayachimbuki Kisauni. Yatoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho upande wa Kilifi, Marere na Tiwi huko Kwale. Yapita kaunti za watu na mikono ya watu kabla hayajakufikia, na kila mkono utakuonyesha mwingine. Basi andikeni mnamtaka nani afanye nini, lini. Kwa mfano, kwamba mkutano unawaagiza madiwani wa chama waidai serikali ya kaunti itangaze ratiba ya mgao wa maji kwa kila wadi, na warudi kutoa taarifa baada ya miezi mitatu. Ukurasa mmoja, mtoa hoja mmoja, wa kuiunga mkono mwingine, ikiwezekana kutoka Likoni au Jomvu ili wasiseme ni kelele za Kisauni. Kaunti ina wadi 30, na sidhani kuna moja ambayo haijalala na ndoo tupu.

Nikupe kisa cha mbali, nacho nimekipenda miaka yote. Mwaka 1964 kule Mississippi, Marekani, watu weusi walikuwa wakifungiwa nje ya chama cha Democratic cha jimbo. Chama kule huanza na mikutano midogo ya mitaa, kutoka hapo wajumbe wanapanda hadi mkutano wa jimbo, kisha wa taifa. Weusi walikwenda kwenye mikutano ile ya mitaa wakijua watafukuzwa. Wakafukuzwa, nao wakaandika: mahali, saa, nani kakataa. Kisha wakaunda chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, wakafanya mikutano yao kwa utaratibu ule ule wa sheria, na tarehe 6 Agosti wakakutana mji wa Jackson wakachagua wajumbe 68. Wakapanda basi hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa taifa, wakadai viti.

Aliyewasemea mbele ya kamati ya kukagua wajumbe alikuwa Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba aliyefukuzwa alikokuwa akiishi kwa sababu tu alikwenda kujiandikisha kupiga kura mwaka 1962. Alieleza alivyopigwa jela. Rais Lyndon Johnson aliitisha waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache mama yule. Haikusaidia, jioni televisheni zikamwonyesha. Mwishowe wakubwa waliwapa viti viwili tu, tena vya hisani. Wakakataa. Miaka minne baadaye, Chicago, ujumbe mpya wa Mississippi wa weusi na weupe ndio uliokalia viti, na Bi Hamer akiwemo.

Tazama walichokuwa nacho mkononi walipofika mlangoni. Hotuba ilikuwa nzuri, lakini chini yake kulikuwa na karatasi.

Kuhusu wazito, mwanangu, wewe hupima unga na mafuta ya mia moja asubuhi ukajua jioni utapata ngapi. Ukipewa dakika mbili, taja bei ya mtungi Junda, mitungi mingapi nyumba yako hutumia kwa siku, kisha soma hoja, ukae. Msiketi pamoja nyote kumi na wawili, tawanyikeni. "Naam" ikitoka pembe nne za ukumbi husikika kama ya watu mia. Na muombe kura ihesabiwe kwa kunyoosha mikono. Makofi hayana nambari.

Mkizuiwa, anzeni na kamati ya usuluhishi ya chama chenyewe, kwa maandishi. Baraza la kutatua migogoro ya vyama vya siasa litataka kuona mlijaribu huko kwanza, nalo lapaswa kuamua ndani ya miezi mitatu.

*Mama Baraza, hujambo. Ndugu yangu yuko Minneapolis, Marekani, miaka mingi, amechukua uraia. Sasa atupigia simu usiku ati amechaguliwa mjumbe wa chama cha Democratic wa jimbo la Minnesota. Asema alichaguliwa kwa kusimama kona ya ukumbi wa shule na watu wengine, hoteli amejilipia mwenyewe, mkutano ulienda mpaka usiku wakihesabu kura, na mtu wao "akaidhinishwa" lakini bado mwezi wa Agosti kuna mchujo. Huku Likoni twamcheka. Mjumbe gani ajilipia hoteli? Hawajamchezea?*
*Kaka Mtu, Likoni*

Sijambo, kaka. Nduguyo hajachezewa, na mkome kumcheka, maana yeye ndiye mjumbe hasa.

Ile kona ni utaratibu wao. Chama cha Democratic kule huitwa DFL, kwa sababu mwaka 1944 kiliungana na chama cha Farmer-Labor, cha wakulima na wafanyakazi. Watu hukutana, kila mwenye jambo lake huita wenzake: wa shule huku, wa mazingira kule, wa mgombea fulani dirishani. Kundi lisilofika idadi huvunjika, watu wake wakahamia jingine. Kisha kila kundi hupata wajumbe kulingana na wingi wake, hivyo hata wachache waliojipanga hawaondoki mikono mitupu. Sisi tulio na umri tutakumbuka mlolongo wa KANU wa 1988, ambapo pia watu walihesabiwa kwa miguu. Lakini wetu ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mtu, aliyepita asilimia 70 akawa amemaliza mchezo, na ilisemwa nchi nzima kwamba mistari mifupi ilitangazwa mirefu. Kusimama si tatizo, kaka. Tatizo ni nani anayehesabu, na je, waliosimama wanaona anavyohesabu?

Kuidhinishwa huko Minnesota kwahitaji asilimia 60 ya wajumbe, ndiyo maana wanarudia kura mpaka usiku. Hakumpi mgombea tikiti. Kunampa jina la chama na nguvu za wanaogonga milango, halafu wapiga kura wa mchujo wa Agosti ndio huamua, na wanaweza kuamua kinyume.

Usidhani basi mikutano hiyo ni bure. Jimbo jingine la huko, Utah, mwaka 2010, seneta Bob Bennett wa Republican, aliyekaa kitini tangu 1993, aliangushwa na wajumbe wapatao 3,500 kwenye mkutano wa jimbo. Akatoka wa tatu, hata mchujo hakuuona. Wajumbe wale walichaguliwa mwezi Machi kwenye mikutano ya mitaa, na wanaharakati waliokuwa na hasira na serikali walijaa huko wakati wengine wamekaa majumbani. Siwapigii debe, siasa zao si zangu. Nasema tu walikwenda mapema. Jimbo lenyewe lilishtuka, na mwaka 2014 likapitisha sheria ya kumruhusu mgombea kufika kwenye mchujo kwa kukusanya sahihi pia.

Na hoteli, ni kweli, wengi wao hujilipia. Anayejilipia kitanda hapewi safu ya majina asubuhi. Lakini nisiwe mnafiki: mama wa Junda akifunga karai siku moja, watoto hawali. Chama kinachotaka wajumbe wa mashinani kiwalipe nauli na chakula waziwazi, kiasi kimoja kwa wote, mbele ya watu, kutoka mfuko wa chama. Pesa ya kujificha kwenye bahasha ndiyo yenye masharti.

*Mama Baraza, mimi ni mwalimu wa shule ya serikali, Changamwe. Wenzangu wa mtaa wataka niwe mjumbe kwa kuwa naandika vizuri. Nikubali?*
*Mwalimu*

Hapana, mwalimu. Wewe ni mtumishi wa umma, na kifungu cha 12 cha Sheria ya Vyama vya Siasa kinakukataza kushika wadhifa wa chama au kujihusisha na siasa kiasi cha kutiliwa shaka kwamba una upande. Kura yako ni yako, piga. Ukipenda kuwafaa wenzako, wafundishe barazani namna ya kuandika muhtasari wa mkutano, wa mkutano wowote, hata wa chama cha mazishi. Ukistaafu, niandikie tena.