Kabla Hujanunua Kompyuta Kubwa

Mwanafunzi mmoja wa uzamili ameniandikia: ana picha za setilaiti za kuchakata, laptopu inazidiwa, je, anunue mashine gani? Ndugu yangu, usinunue kwanza.

Zamani nilipotangaza kwamba nitakodi seva za wingu, yaani kompyuta za kampuni unazozitumia kupitia intaneti, badala ya kupanga foleni kwenye mashine yetu, mkubwa mmoja alisema mbele ya wenzangu kuwa hiyo ni sayansi ya wavivu. Neno lile bado linaniuma. Siku hizi huniletea vijana wake niwafundishe, nami nawapokea kwa tabasamu. (Haijanipita, lakini.)

Hebu fikiria. Landsat, setilaiti za Marekani za kuitazama dunia, inapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha zake ni bure. Utazipakua zote uziweke wapi? Kumbe tayari zimehifadhiwa kwenye seva za Amazon, kanda ya us-west-2, yaani vituo vyao vya data huko Oregon, Marekani. Fungua seva kanda hiyohiyo, programu yako izifuate data zilipo. Faili zake zimepangwa kiasi kwamba unasoma kipande tu. Mimi nilitaka ukijani wa mimea, kwa hiyo kwa Landsat 8 nilisoma bendi ya 4 (mwanga mwekundu) na ya 5 (infraredi ya karibu), tena za eneo langu pekee, mengine sikuyagusa.

Kisha kodi seva za akiba, zile ambazo kampuni inaweza kukunyang'anya ikizihitaji. Bei yake hushuka hata kwa asilimia 90. Amazon hukupa onyo la dakika mbili, basi. Usiku mmoja seva yangu ilichukuliwa katikati ya kazi; skripti, yaani programu yangu fupi, ilikuwa inahifadhi matokeo kila picha inapokwisha, ikaendelea kwenye seva nyingine kuanzia picha iliyofuata. Nilikuwa nimelala fofofo.

Sasa nisikilizeni, vijana. Hifadhini matokeo kila hatua. Nimesema, kila hatua! Kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida hakulipiwi, kuzitoa ndiko kunakokamua mfuko, kwa hiyo shusheni jedwali na ramani za mwisho, picha ghafi ziacheni hukohuko. Na ile tahadhari ya bajeti unayoiweka kwenye akaunti yako, kwa kawaida hukutumia barua pepe tu, seva haiizimi. Andika amri ya kuizima mwishoni mwa skripti.

Wewe uliyeniandikia, anza na picha moja. Ikikubali, ongeza mwaka mzima.