Wadogo zangu wa misitu, kazi ya mipaka inaanzia Keko

Vijana wanaoanza kazi hii ya misitu inayovuka mipaka, wengi wao wametoka Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) au Chuo cha Misitu Olmotonyi, huniuliza waanze kusoma mikataba gani. Ipo, na ni lazima muisome: Itifaki ya Misitu ya SADC ya mwaka 2002, Azimio la Zanzibar la kupambana na biashara haramu ya mbao lililotiwa saini Durban Septemba 2015 na Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska, na Azimio la Maputo la Agosti 2022 kuhusu misitu ya miombo. Haitawachukua muda mrefu. Lakini kabla ya hapo nendeni Keko, mtaa wa mafundi samani hapa Dar es Salaam.

Ingieni kwenye karakana za samani, toeni shikamoo, kaeni. Ombeni fundi awaonyeshe mninga mbichi na mninga mkavu, kisha mkongo, kisha kipande cha mpingo ambacho kiini chake cheusi kimezungukwa na tabaka jembamba la rangi ya krimu. Kishikeni mkononi muone uzito wake. Kitieni kwenye ndoo ya maji, kitazama. Mwangalieni anavyokwangua ubao kwa ukucha na kuunusa kabla hajautaja. Elimu hiyo mtaihitaji siku mtakaposimama mbele ya lori ambalo hati yake inasema mbao za kawaida na macho yanaona kingine. Halafu ulizeni mbao hizi zimetoka wapi. Watawaambia Kilwa, Liwale, Tunduru, ng'ambo ya Ruvuma, Zambia, Kongo. Hiyo ndiyo ramani yenu ya kazi, na wanaoijua vizuri zaidi ni watu wanaonunua mbao kila siku.

Nasisitiza soko kwa sababu msitu unaisha kwa kufuata soko. Watafiti waliofuatilia misitu inayozunguka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005 walikuta uharibifu ukitoka jijini kwa mawimbi. Wimbi la mbele lilikuwa la mbao za thamani, likisogea kilomita 9 hivi kwa mwaka. Nyuma yake likaja la mkaa, kilomita 2 hivi kwa mwaka. Na kadiri walivyokwenda mbali na jiji, ndivyo walivyokuta aina nyingi zaidi za miti. Kuelekea mwisho wa kipindi hicho, mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji. Daraja lile lilikuwa jambo jema kwa watu wa kusini waliokuwa wakisubiri kivuko, na papo hapo likafungua njia ya magogo kuja mjini. Mkipanga ushirikiano wa nchi na nchi bila kutazama barabara mpya inapita wapi, mtakuwa mnalinda mahali ambapo mbao zimeshatoka.

Ndiyo maana pia nchi moja haiwezi peke yake. Kenya iliposimamisha uvunaji kwenye misitu ya umma mwaka 2018, mahitaji ya mbao ya Nairobi na Mombasa hayakusimama. Mnunuzi anatazama upande wa pili wa mpaka, tena haraka kuliko barua za wizara zinavyosafiri. Viumbe nao hawajui mpaka. Tembo wa Nyerere na Selous wanapita ushoroba wa Namtumbo na Tunduru, kwenye ardhi ambayo vijiji vyenyewe vimeitenga kwa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Mbarang'andu na Nalika, wanavuka Ruvuma mpaka Niassa, Msumbiji. Bundi mdogo wa Sokoke makazi yake makuu ni Arabuko-Sokoke kule Kilifi na misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Akipotea upande mmoja, upande wa pili unabaki na mzigo wote. Mimi hili linaniuma, na naomba liwaume na ninyi.

Sasa hati, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mzigo mwingi wa mbao unaofika bandari ya Dar es Salaam ni wa kupita tu, umeingilia Tunduma, mpakani na Zambia, kwa barabara au umekuja kwa reli ya TAZARA. Msikague muhuri peke yake, muhuri unaweza kuwa halali na mzigo ukawa sio. Anzeni na hesabu. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33 ndani, na magogo ya duara hayawezi kujaza nafasi yote, lazima hewa ibaki katikati. Mbao nzito kama mpingo, mita moja ya ujazo inazidi tani moja, kwa hiyo kontena litafika kikomo cha uzito kabla halijajaa. Ukikuta hati inasema mita za ujazo 35 kwenye kontena moja la futi 20, hati hiyo iliandikiwa mzigo mwingine, au kuna mzigo wa pili unaosafiri kwa karatasi hiyo hiyo. Tafuta huo wa pili.

Kisha tarehe. Linganisha siku leseni ya uvunaji ilipotolewa, siku ya TP, yaani hati ya kusafirishia mazao ya misitu, siku gari lilipopita kila kizuizi, siku forodha walipolipokea. Gari lililopita kizuizi kabla ya hati yake kuandikwa linajieleza lenyewe. Angalia na saa.

Kisha aina ya mti. Hapa sheria za kimataifa zimebadilika haraka na maofisa wengi bado wana orodha za zamani. Mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia wako chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Mkurungu ukafuata mwaka 2019. Kwenye mkutano wa Panama mwaka 2022 wakaingizwa Pterocarpus na Afzelia wote wa Afrika, maana yake mninga na mkongo nao wamo. Na kwenye fomu andikeni jina la kisayansi daima. Mninga wetu Zambia wanauita mukwa, Msumbiji umbila, na hapo katikati mzigo unaweza kupotea bila mtu yeyote kusema uongo.

Hati ikikutia shaka, piga simu upande ilikotoka. Usisubiri barua. Muulize mwenzako wa Nakonde, upande wa Zambia, kama namba hii ya kibali ipo kwenye daftari lake na imeandikiwa nini. Mara nyingi mtaelewana kwa Kiswahili, na mwenzenu wa Lubumbashi au Cabo Delgado naye mkimwanzia kwa Kiswahili atachangamka. Tena kwenye vikao vya SADC ni lugha rasmi tangu mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam Agosti 2019, kwa hiyo msione haya kuitumia mezani.

Kuhusu vikao vyenyewe sina mengi. Nendeni na takwimu zenu, na msiondoke bila namba ya mtu anayekaa kituoni.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hulisahau ni vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, mwaka 2009, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mpingo unahitaji zaidi ya miaka 70 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Hakuna anayeweza kuulinda kwa muda wote huo isipokuwa watu wanaoishi nao, na watafanya hivyo kama mti mmoja uliouzwa kihalali unawajengea darasa au kisima. Mbao za magendo kutoka ng'ambo zikimwagwa Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, mbao za kijiji hiki hazinunuliki. Kwa hiyo unapozuia kontena bandarini, mwananchi wa Kikole ni mmoja wa watu unaowafanyia kazi. Nendeni mkamwone, mlale kijijini, mtembee na kamati ya maliasili kwenye doria.

Na siku mkihamishwa, msimwachie anayewapokea faili peke yake. Mpelekeni Tunduma, avuke Nakonde, anywe chai na wenzenu wa upande ule, wabadilishane namba mbele yenu, na apewe nakala za sahihi na mihuri inayotumika mwaka huo. Wao pia huhamishwa, kwa hiyo hakikisheni na msaidizi yupo mezani.